Hukumu ya Haraka

Asubuhi moja, katika mji wa Lubudi, mtu mmoja apita njiani akitoka upande wa kiwanda cha simenti. Nguo zake zina vumbi jeupe, macho yake ni mekundu, na miguu yake yayumba. Watoto waendao shuleni wamwona. Mmoja acheka na kusema: «Tazameni, jua halijapanda na huyu amekwisha kulewa!» Wenziwe wote wacheka. Jioni mtaa mzima wajua ya kuwa baba wa fulani ni mlevi.

Kumbe mtu yule hakuonja pombe. Alikesha kazini, kwa maana tanuru la simenti halizimwi usiku. Watu waliokulia katika mji ulioanzishwa kwa simenti wanapaswa kulijua jambo hilo kuliko watu wengine wote. Walilijua, lakini hawakulifikiri. Kucheka ni rahisi kuliko kufikiri.

Jambo kama hilo limeandikwa katika Biblia. Hana, mke wa Elkana, alikwenda Shilo kusali. Hakuwa na mtoto, na moyo wake ulijaa uchungu. Midomo yake ilicheza, lakini sauti yake haikusikika. Kuhani Eli alikuwa ameketi mlangoni, akamtazama, akamdhania mlevi, akamkemea. Eli hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mzee wa dini, aliyezoea kuona watu wengi hekaluni, na labda mazoea hayo ndiyo yaliyomdanganya. Hata hivyo alifanya jambo moja jema ambalo wale watoto wa njiani hawakulifanya: alisema na mwanamke mwenyewe, si na jirani zake. Kwa hiyo Hana alipata nafasi ya kujibu. Eli alipolisikia jibu lake hakuona haya kuligeuza neno lake. Alimbariki, na Hana akamzaa Samweli. Kama Eli angalikwenda kuwanong'oneza watu wengine, Hana angalirudi kwake na huzuni mbili.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, aliyoitangaza Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 1992, yaeleza makosa matatu juu ya sifa ya mtu, katika namba 2477. La kwanza ni hukumu ya haraka: kuliamini kosa la mwenzako pasipo sababu ya kutosha, hata kama umeliamini moyoni tu na hukulisema. La pili ni masengenyo: kosa ni la kweli, lakini latangazwa bila sababu ya haki kwa watu wasiolijua. La tatu ni masingizio: kusema uwongo unaoharibu jina la mtu. Watu wengi hulichukia la tatu, hulionea haya la pili kidogo, na la kwanza hawalioni kuwa kosa. Wasema: «Nilifikiri tu.» Lakini hilo la kwanza ndilo mama wa hayo mengine. Mtu hamsengenyi mwenziwe kabla hajamhukumu moyoni.

Katika kitabu cha Danieli kuna hukumu iliyokaribia kumwua mtu. Susana, mke wa Yoakimu, alikaa Babeli. Wazee wawili waliowekwa kuwa waamuzi mwaka ule walimtamani. Naye alipowakataa, walimshtaki mbele ya watu wote ya kuwa wamemkuta bustanini akifanya uovu na kijana. Watu wakaamini. Kwa nini waliamini? Si kwa sababu waliona kitu, bali kwa sababu waliosema ni wazee tena waamuzi. Susana akahukumiwa kufa. Ndipo kijana Danieli akapaza sauti, akawaambia watu warudi barazani, kwa kuwa wamemhukumu mwanamke bila kuchunguza. Aliwatenga wale wazee wawili, akamwuliza kila mmoja peke yake: waliwaona chini ya mti gani? Wa kwanza akataja mti wa namna moja, wa pili akataja mti wa namna nyingine. Basi uwongo ukaonekana.

Yafaa kuangalia jinsi swali lile lilivyokuwa dogo. Danieli hakuwa na silaha, wala cheo, wala umri. Alikuwa na swali. Na mkutano mzima wa watu wazima, wenye ndevu na watoto, haukuwa umeliuliza.

Mfano ulio karibu zaidi na Lubudi hauko Babeli. Uko katika reli ipitayo hapo hapo mjini.

Reli ya B.C.K. ilifika Port-Francqui, mji uitwao leo Ilebo, mwaka 1928. Tangu hapo gari la moshi liliweza kwenda kutoka Katanga mpaka mto Kasai, likipita Tenke, Lubudi, Luena, Bukama na Kamina. Union Minière ilitaka watu wa kazi katika migodi ya shaba, na reli yenyewe ilitaka mafundi na makarani. Wengi walitoka Kasai. Hawakuja kama wezi usiku. Waliitwa, waliandikwa, walipewa namba ya kazi na nyumba katika kambi. Walikuja na wake zao, na watoto wao walizaliwa Likasi, Kolwezi na Lubumbashi. Watoto hao walikaa ubao mmoja na watoto wa Wasanga, wa Walunda na wa Waluba wa Katanga, wakabatizwa katika maji yale yale, wakasema Kiswahili kimoja. Wengine waliposa na kuozwa kwa jirani zao. Wajukuu wengi hawakuijua Kasai ila kwa hadithi za babu.

Kisha kazi ikaanza kupungua. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba katika mwaka mmoja. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, uliporomoka. Mwaka 1991 askari walipora maduka na viwanda katika miji mingi ya nchi. Mashine zilichakaa, fedha za kununua nyingine hazikuonekana, na wakubwa wa nchi walikuwa wamekwisha kula mbegu pamoja na mavuno. Mwaka 1993 shaba yote ya Gécamines haikufika tani 60,000. Baba waliozoea posho ya unga na mshahara wa mwezi walirudi nyumbani mikono mitupu.

Mtu mwenye njaa huuliza: «Nani amekula chakula changu?» Swali hilo ni la haki. Kosa lilikuwa katika jibu, kwa kuwa jibu lilikuja kabla ya uchunguzi. Mwezi wa Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu mahali pa Nguz Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Hasira zikawaka. Katika mikutano ya chama cha UFERI, chama cha Nguz na cha gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza, Wakasai waliitwa «bilulu», yaani wadudu. Neno hilo lilipita sokoni, likapita visimani, likaingia hata mashuleni. Wadudu huliwi na huruma. Mdudu haulizwi jina lake, wala kama alizaliwa katika nyumba hii, wala kama mtoto wake ana homa, mdudu hufagiwa.

Basi wakafagiwa. Ilianza Likasi mwaka 1992, ikafika Kolwezi mwaka 1993. Nyumba zilichomwa au kutwaliwa, na watu waliuawa. Maelfu walikimbilia kwenye stesheni za reli, wakalala nje na mizigo yao, mvua ikiwanyeshea, wakingoja gari la moshi kwa majuma mengi. Njaa na magonjwa viliwaua wengi pale pale, na wengine walikufa njiani. Magari ya kwenda Kasai yalijaa watu ndani, milangoni na juu ya paa. Njia yao ilipita Lubudi. Walipofika Mwene-Ditu na mbele yake, wengi walishuka katika nchi wasiyoijua, kuitafuta jamaa wasiyopata kuiona. Hesabu ya waliofukuzwa yahesabiwa kwa mamia ya maelfu.

Sasa yafaa kuuliza swali dogo, kama lile la mti. Ni nani aliyeporomosha mgodi wa Kamoto? Je, ni mwuguzi wa Kikasai wa zahanati ya kambi? Ni nani aliyezila fedha za shaba? Je, ni dereva wa gari la moshi, au mama auzaye mandazi mbele ya shule? Kila mtaa ulikuwa na watu walioweza kulijibu swali hilo. Jirani alimjua yule mwuguzi. Ndiye aliyempokea mtoto wake siku ya kuzaliwa. Lakini alipoulizwa juu ya Wakasai, hakusema juu ya mwuguzi. Alisema juu ya «Wakasai wote», watu ambao hakuna aliyepata kukutana nao. Hapo ndipo hukumu ya haraka ina nguvu nyingi kabisa. Humwacha mtu ajulikanaye, humshika mtu asiyekuwapo, kisha humpiga yule ajulikanaye kwa fimbo ya yule asiyekuwapo.

Lazima kusema haki kwa pande zote. Wakatanga walikuwa na malalamiko ya kweli. Waliona makarani na wakubwa wengi wa kazi ni watu wa Kasai, nao wao wenyewe wabaki nyuma katika nchi yao. Malalamiko hayo yangaliweza kupelekwa mbele ya wenye kugawa vyeo, yakasikilizwa na kutengenezwa. Tena baadhi ya Wakasai walikuwa na kiburi. Walisema ya kuwa watu wa Katanga ni wavivu na wajinga, na maneno hayo nayo ni hukumu ya haraka, iliyotupwa juu ya mkulima na mvuvi ambaye hawakupata kumwona akifanya kazi. Dharau ya huku ilichochea chuki ya kule. Lakini mizani haikuwa sawa. Neno la dharau lilileta machozi. Neno «bilulu» lilileta makaburi kando ya reli.

Tena nani katika teritwari ya Lubudi awezaye kusema kwamba babu zake hawakuwa wageni? Bunkeya, mji wa mfalme Msiri, uko katika teritwari hiyo hiyo. Msiri alitoka Unyamwezi, mbali upande wa mashariki, katika nchi iitwayo leo Tanzania. Watu wake, Bayeke, walikuja na misafara ya biashara, nao leo ni wenyeji. Hakuna awaambiaye wapande gari la moshi.

Wako waliokataa kufuata kundi. Jamaa za Wakatanga ziliwaficha jirani zao nyumbani, na parokia zilifungua milango, zikapika uji. Watu hawa hawakuwa wenye elimu kubwa kuliko wengine. Walimjua mtu kwa jina lake, basi.

Mtu aweza kupinga hivi: «Ikiwa ni dhambi kuhukumu, mwizi atakamatwa na nani?» Jibu si gumu. Mzazi apaswa kumwangalia mwanawe, mwalimu apaswa kumwonya mwanafunzi, na hakimu apaswa kuhukumu, maana ndiyo kazi yake. Bwana Yesu hakuwaambia watu wafumbe macho. Alisema juu ya kibanzi na boriti, akamtaka mtu aondoe boriti yake kwanza, apate kuona vema kibanzi cha ndugu yake. Basi ataka waone, tena waone vema. Hakimu mwema huita mashahidi, husikiliza pande mbili, huliweka jambo moja mbele yake na kuacha mengine. Hahukumu kabila, wala hahukumu moyo, kwa kuwa moyo hauna shahidi ila Mungu. Mtakatifu Inyasi wa Loyola alifundisha ya kuwa Mkristo mwema awe mwepesi kulipokea neno la mwenziwe kwa maana njema kuliko kulilaumu; na asipoweza, amwulize mwenyewe alikuwa na maana gani. Hiyo ni njia ndefu kidogo. Ile fupi waliijua wale watu wa Babeli.

Wala mambo haya hayakwisha pamoja na magari yale ya 1993. Katika miji ya Kongo watoto wengi wamefukuzwa nyumbani kwa sababu wameitwa wachawi. Baba amepoteza kazi, mama ameugua, mtoto mchanga amekufa. Basi watafuta mwenye kosa, na macho yamwangukia mtoto wa kambo, au yatima, au yule akojoaye kitandani, au yule mwenye ulemavu. Mahali pengine mtu ajiitaye mchungaji au mganga huthibitisha neno hilo, na kulipwa fedha. Sheria ya nchi juu ya ulinzi wa mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, yakataza kabisa kumshtaki mtoto kwa uchawi, na yatoa adhabu. Ni sheria njema. Lakini sheria hufika ikiwa mtoto amekwisha kulala sokoni. Jirani angaliweza kufika mapema zaidi.

Kuna tena jambo ambalo mafundisho ya dini hulidai, na ambalo watu hulipita haraka wakiungama. Aliyeiba franga mia hupaswa kuzirudisha. Hilo kila mtoto alijua. Aliyeiba jina la mtu hupaswa kulirudisha vilevile. Yule mtoto aliyesema ya kuwa baba wa fulani amelewa atafanyaje? Haitoshi kusikitika moyoni. Yampasa kurudi kwa wenziwe wale wale, njiani pale pale, aseme: «Nilikosea, mtu yule alitoka kazini.» Ni aibu, na wenziwe watamcheka yeye. Lakini wale waliopeleka habari kwao nyumbani, na wale waliosikia kwa wale, atawapata wapi? Franga mia huhesabika. Neno halihesabiki.

Miaka ilipopita, baadhi ya Wakasai walirudi Likasi na Kolwezi. Walishuka stesheni, wakatembea mpaka barabara za zamani. Wengine walikuta nyumba ya baba yao ikikaliwa na watu wengine, na watoto wageni wakicheza chini ya mwembe alioupanda babu. Wengine walipokelewa na jirani wa zamani, aliyekuwa mzee sasa, na ambaye hakujua aanze na neno gani. Wakati mwingine alianza kwa kuleta kiti.